Vioo vya Kihengeni

Kila Jumamosi napanda ngazi na ndoo ya maji,
kipande cha khanga chakavu, sabuni ya mche,
nawaogesha watakatifu wa Chilonje vumbi la wiki nzima.
Vumbi letu halina adabu. Huingia hata tabernakulo.

Dirisha kubwa aliliagiza Padri Votireni, Mfaransa.
Kwao, alisema, kanisa lisilo na rangi ni ghala tu.
Likaja kwa meli, likaja kwa reli hadi Dodoma,
vipande mia mbili na kumi na viwili ndani ya nyasi kavu,
kisha vichwani mwa watu, siku mbili, wakiambiwa: polepole,
mmembeba Visenti shemasi, msimwangushe.

Mkononi alishika kichala cha zabibu.
Hakuna aliyeijua zabibu. Watoto wakabishana:
ni furu. Si furu, ni mayai ya mjusi yaliyoiva.
Katekista Ndahani akakata shauri:
hilo ni tunda la mbali, mtalila mkifa.

Halafu vita vya Mjerumani.
Na hapa lugha yangu mwenyewe inanichoma:
kinachoshika kioo kwa kioo kinaitwa risasi,
na kinachotoboa mtu kinaitwa risasi.
Askari hawakutafuta tofauti.
Waliingia na koleo, wakalichuna dirisha kama mbuzi,
mishipa ile ya kijivu wakaiyeyusha sufuriani,
rangi wakaiacha sakafuni.

Ndahani alirudi usiku na mkewe, Mbeleje, bibi yake mama.
Wakaokota gizani hadi vidole vikatoka damu.
Wakamlaza Visenti kihengeni, chini kabisa,
wakamfunika uwele.

Ikaja Mtunya.
Sitaieleza. Walioiona hawakuieleza.
Najua hili tu: siku moja Mbeleje aliinama kihengeni
hadi kiunoni, kibuyu mkononi, akikwangua,
na kibuyu kikalia kri.
Punje za mwisho zilikuwa zimelala
juu ya kiganja cha kioo chekundu.
Akazikusanya, akazipuliza, akazihesabu. Zikapikwa.
Kiganja akakirudisha mahali pake.

Miaka mingi ikapita, bendera zikabadilishana mlingoti,
ndipo fundi Chidumizi akaunga upya,
bila mchoro, bila Mfaransa,
risasi akaitoa kwenye betri chakavu za malori.
Ndiyo maana mkono wa kuume umeota bega la kushoto
na ua moja limepotea njia, limetulia gotini.
Uso haukupatikana. Akakata chupa ya bia.
Askofu alipokuja kubariki alitazama sana,
akakohoa,
akabariki.
Basi Visenti wetu ni wa kahawia kama sisi,
na jua likiwa kali, ukimkaribia,
shavuni ana herufi tatu
ambazo paroko angependa tusizisome.

Zabibu tulikuja kuzijua, tena kabla ya kufa.
Zimejaa mashamba ya binamu zangu huko Hombolo,
zinauzwa kwa ndoo kando ya lami.
Mwanangu Nyemo, anayezichuma kwa kibarua,
alilitazama dirisha siku ya kipaimara chake akaninong'oneza:
Mama, huyu kichala amekishika vibaya, zitapukutika.

Kuna kipande kimoja kilichobaki.
Cha buluu, ukubwa wa jani la mlenda.
Chidumizi hakukipatia mahali.
Mbeleje alikitia kwenye kopo la chumvi,
kopo likamfikia bibi, likamfikia mama, likanifikia mimi,
nami hupanda nacho.
Juu kule pana tundu, upepo unapigia mluzi,
ila tundu lina pembe tatu
na kipande kimepinda kama mwezi mchanga.
Nakijaribu hata hivyo.
Nakigeuza, nakigeuza tena.
Kisha nakibana kati ya midomo, mikono ipate kushika ngazi,
nashuka, ulimi ukionja chumvi
na kitu kingine, hafifu,
kama uwele.